Kabla ya Kuomba Easofti Ihalalishwe, Tuombe Uwanja

Mwezi uliopita vijana wanne niliowafundisha historia walinijia nyumbani, hapa Lubumbashi, wakiwa na barua ya kurasa tatu waliyotaka niisome kabla haijapelekwa kwa wakubwa wa jimbo. Walikuwa wameiandika kwa Kifaransa kizuri, pengine kizuri kupita kiasi, wakiomba easofti, yaani kupigana kwa kujifurahisha kwa mifano ya bunduki inayorusha punje za plastiki, itambuliwe kuwa mchezo kama ngumi, judo na mpira wa kikapu, na vifaa vyake viruhusiwe kuingia nchini bila kuhesabiwa kuwa silaha. Juu ya ukurasa wa kwanza walikuwa wamebandika picha ya vijana sita waliovaa nguo zenye mabaka ya rangi ya majani, nyuso zimefunikwa, na mikononi mwao wameshika vitu ambavyo mimi, niliyekuwa katika mji huu tarehe 23 Machi 2013 waasi walipouingia, sikuweza kuviita kwa jina lingine isipokuwa bunduki.

Niliwaambia kwamba barua yao imekwisha kataliwa, na iliyoikataa ni hiyo picha, kabla msomaji hajafika kwenye sentensi ya kwanza. Hawakufurahi. Walinijibu kwa heshima, kama wanafunzi wanavyomjibu mwalimu wao wa zamani, lakini niliona wanadhani kwamba mzee ameogopa kivuli. Ninaandika makala haya kwa sababu niko upande wao, na kwa sababu ninaamini kwamba wanaoutetea mchezo huu, hapa kwetu na hata katika nchi nyingine nilizofuatilia habari zake, mara nyingi wanaanzia mahali pasipofaa.

Easofti ilizaliwa Japani katika miaka ya 1970. Raia wa kawaida wa nchi hiyo haruhusiwi kumiliki bunduki kwa urahisi, kwa hiyo waliopenda umbo lake walitengenezewa mifano inayorusha punje za plastiki, ambazo leo kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 6 na uzito wa gramu 0.20 au 0.25. Punje husukumwa kwa springi, kwa gesi au kwa mota ndogo ya betri. Wachezaji hujigawa katika vikundi viwili, huingia msituni au katika jengo lililoachwa, huwekeana lengo kama vile kuteka bendera, na anayepigwa hutoka nje. Watu husahau kwamba mchezo huu ulitokea katika nchi yenye sheria kali za bunduki na raia wasio na silaha, wala haukuletwa na askari wanaotafuta kuendeleza vita siku ya mapumziko. Jambo hilo lingestahili kuwa katika barua ya vijana wangu, na halikuwamo.

Kilichokuwamo ni hesabu. Punje ya gramu 0.20 inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde hubeba nguvu ya jouli 1, ilhali risasi ya bunduki ya AK-47 hubeba takribani jouli 2,000. Vijana walikuwa wamechora hata jedwali. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ni sahihi, isipokuwa ningeongeza kwamba jicho la mtu linaweza kupofuka hata kwa jouli hiyo moja, na ndiyo maana hakuna uwanja wenye akili unaomruhusu mchezaji avue miwani ya kinga, iwe ni kwa sababu ya jasho au kwa kujipangusa tu. Lakini kiongozi anayepokea barua hiyo hakai ofisini akijiuliza kuhusu jouli. Anajiuliza nani atamlaumu siku mtoto mmoja atakapokatiza barabara ya Kasai akiwa na kitu hicho mkononi.

Kwamba hesabu haishindi, tumeona Australia. Mdogo wangu anaishi Brisbane, na ndiye aliyenifungua macho kuhusu jambo hili. Huko, baada ya mtu mmoja kuwaua watu 35 Port Arthur mwezi wa Aprili 1996, nchi nzima ilikaza sheria za silaha, na easofti ikabaki imefungiwa nje katika sehemu kubwa ya nchi hadi leo, ingawa wapenzi wake wamekusanya saini na kuwaandikia wabunge wao kwa miaka mingi. Wakati huohuo mchezo wa peintiboli, ule wa kupigana kwa vidonge vya rangi, unachezwa kwa leseni. Kidonge cha rangi kina uzito wa gramu 3 hivi, na kikirushwa kwa kasi ya mita 90 kwa sekunde kinabeba jouli 12, yaani mara kumi na zaidi ya punje ya easofti. Mtu wa hesabu atasema kwamba huo ni upumbavu. Mimi nasema kwamba sheria imekiri wazi inachokiogopa: kifaa cha peintiboli, chenye tungi lake juu na chupa yake ya hewa nyuma, hakimdanganyi mtu yeyote, ilhali cha easofti kimetengenezwa kwa makusudi ili kidanganye.

Hata vile vifaa vinavyorusha vidonge laini vya maji, ambavyo watu wa Queensland, jimbo la mdogo wangu, walivinunua kwa wingi wakiona wamepata mlango wa nyuma, havikuachwa vivihivi. Jimbo la Australia Kusini liliviweka chini ya sheria ya silaha mwaka 2020, na Queensland yenyewe, kuanzia Februari 2021, ikamtaka kila mwenye navyo awe na sababu ya maana ya kuwa navyo, kama vile uanachama wa klabu, avifungie mahali salama, na asivionyeshe hadharani. Kidonge cha maji hakimuumizi mtu sana. Lakini umbo ni lilelile.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mji wetu umeumwa. Siku ile ya Machi 2013 waasi wa Mai-Mai waliingia mpaka katikati ya mji, wengi wao wakiwa na pinde, mishale na hirizi, wengine na bunduki, na sisi tuliojifungia ndani hatukuwa na njia ya kutofautisha. Tarehe 14 Februari 2021 tuliamka tena kwa milio, kutoka upande wa kambi za Kimbembe na Kibati. Katikati ya siku hizo kubwa zenye tarehe kuna usiku mwingi usio na tarehe, usiku wa wezi, na kila nyumba ya Kampemba au Ruashi ina hadithi yake. Mwizi wa usiku hahitaji bunduki inayoua. Anahitaji bunduki inayoonekana, na dakika tano. Mtu akiniambia kwamba mfano wa plastiki hauna hatari kwa sababu hauwezi kutoboa ngozi, namwambia aende akamwelezee hivyo mama aliyeamrishwa kwa mfano kama huo afungue sanduku lake la fedha saa nane za usiku.

Hatari iko upande wa pili pia, kwa yule anayeshika. Mwezi wa Novemba 2014, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mtoto wa miaka 12 alikuwa akichezea bastola ya easofti bustanini, na polisi aliyeitwa mahali hapo alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya kufika. Mtoto alifariki. Ile ncha ya rangi ya machungwa inayotakiwa kuonyesha kwamba kitu hiki si silaha haikuwapo. Polisi wa huko wana mafunzo, wana redio za mawasiliano, wana magari yenye taa. Askari wetu wa doria mara nyingi yuko gizani kwa miguu, amechoka, naye ana hofu kama sisi.

Nilipokuwa nikiyafikiria haya nilimpigia simu yaya yangu, yaani dada, binti wa baba yangu mkubwa aliyeolewa Goma, mji ambao uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025. Nilitaka kujua angesemaje. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Ndugu yangu, huku watoto wanaokota vijiti wanacheza vita, na sisi tunawanyang'anya vijiti." Sikuendelea kumweleza. Ninaamini kwamba mtu anayetaka kuanzisha mchezo huu popote katika nchi yetu, hata hapa Katanga tulio mbali na mstari wa mapigano, inampasa awe na jibu la kumpa mwanamke huyo, na jibu lenyewe haliwezi kuwa jedwali la jouli.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako vijana wangu walikuwa wamepotea kabisa, wala si kosa lao. Silaha na risasi katika nchi yetu zinaongozwa na sheria-amri nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyotolewa nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, na anayeisoma leo akitafuta neno easofti halioni. Kimya hicho wao walikiita ruhusa. Mimi nakiita mtego, kwa sababu pale sheria inaponyamaza, anayeamua ni mtu aliyesimama mbele yako, na mtu huyo ana haki ya kuona bunduki mahali palipo na umbo la bunduki. Mmoja wao analijua hilo kwa uchungu. Alikuwa amemtuma dereva wa lori amletee mfano mmoja kutoka Johannesburg, kwani Afrika Kusini sheria yao ya silaha ya mwaka 2000 haikihesabu kuwa bunduki kifaa ambacho nguvu yake haizidi jouli 8. Alidhani kwamba kitu kilichonunuliwa kihalali kitabaki halali njia nzima. Kati ya Johannesburg na Lubumbashi kuna mipaka kadhaa, na katika mmoja wao, ofisi ambayo siitaji ilikichukua kifaa, ikachukua na fedha, wala haikutoa hata kipande cha karatasi. Hakuweza kulalamika. Angelalamika vipi, na kwa nani, kwamba amenyang'anywa kitu ambacho hakuna aandikaye kama ni silaha au ni mchezo?

Upande wa michezo tuna sheria nambari 11/023 ya tarehe 24 Desemba 2011, inayoweka misingi ya kuendesha na kukuza michezo nchini, na tuna desturi tunayoijua sote kutokana na mpira: klabu huungana katika mji, kama zinavyofanya ndani ya EUFLU, chama cha mpira cha mji, hapa kwetu, kisha katika jimbo, kisha katika shirikisho la taifa. Kwa easofti ngazi hiyo haina hata kipago cha kwanza. Hakuna shirikisho bila klabu, hakuna klabu bila vifaa, hakuna vifaa bila kibali, na anayetoa kibali atakuuliza shirikisho lako liko wapi. Vijana walikuwa wakiukazia macho mlango mmoja tu wa duara hilo, ule wa vifaa, ambao ndio mgumu kuliko yote. Wangeweza kuanza kwa kujiandikisha kuwa shirika lisilo la faida, kwa sheria ya 2001 ambayo kila mtu mjini anaijua kwa jina la ASBL, wakiwa na katiba, viongozi na anwani, hata kabla ya kushika punje moja. Ni kazi ya karatasi, inachosha, haipigiwi picha.

Katika nchi ambako mchezo huu umeshinda, au umenusurika, naona jambo moja likijirudia. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ilizuia kuuza mifano inayofanana mno na bunduki, kisha ikawaachia nafasi wachezaji wa easofti wa kweli. Na kwa utaratibu waliojiwekea wao wenyewe, mchezaji huandikishwa baada ya kucheza angalau mara 3 katika muda usiopungua siku 56 kwenye uwanja unaotambulika. Kwa maneno mengine, uwanja ndio unaomtolea mtu ushahidi. Ireland mwaka uleule iliweka mpaka wa jouli 1, na chini ya hapo kifaa si silaha. Kanada mswada uliowasilishwa mwaka 2022 ulitaka kufunga mlango wa mifano ya easofti, wachezaji na wenye viwanja wakajieleza, na kufikia mwaka 2023 kifungu hicho kikaondolewa. Walikuwa na cha kuonyesha: viwanja vyenye kuta, maduka yanayolipa kodi, baba na mtoto wanaotoka pamoja Jumapili. Sisi tungeonyesha nini? Picha ya watu sita waliofunika nyuso.

Narudi kwenye ukurasa wa pili wa ile barua, kwa sababu ndio ulioniogopesha kuliko picha. Katika ukurasa wa kwanza waliandika kwamba hiki ni kitu cha kuchezea tu, hakina tofauti na mdoli. Katika wa pili, wakitaka kumpendeza mkubwa, wakaandika kwamba mchezo huu huwapa vijana nidhamu ya kijeshi na mbinu za mapigano. Niliwauliza ni lipi kati ya mawili. Huwezi kumwambia mtu asubuhi kwamba kitu hiki ni mdoli na jioni ukamwambia kwamba kinafundisha vita; atachagua kuamini lile linalomtia hofu. Na katika nchi ambayo upande wake wa mashariki umejaa makundi yenye silaha, ambako raia anayevaa nguo za kijeshi anajitafutia balaa, kuandika kwa mkono wako mwenyewe na kutia sahihi kwamba unataka kuwakusanya vijana porini uwafundishe mbinu za mapigano ni jambo ambalo mimi, mwalimu wa historia, nisingependa likutwe katika faili lolote lenye jina langu. Walicheka. Kisha mmoja akaacha kucheka.

Hoja yao bora ilikuwa imejificha katika ukurasa wa tatu, kwa sentensi moja. Punje ya easofti haiachi alama. Katika peintiboli rangi husema nani amepigwa, bali katika easofti anayejua ni yule aliyepigwa peke yake, na ni juu yake kuinua mkono, kutamka kwamba amepigwa, na kutoka, hata kama hakuna aliyemwona. Hebu fikirini jambo hilo katika mji huu. Nimewaona makipa wa Katuba wakiapa kwa kaburi la babu kwamba mpira haukupita kati ya mawe mawili, huku mpira wenyewe ukiwa nyuma yao ndani ya mtaro. Nimewaona watu wazima, wenye wake na watoto, wakitaka kupigana kwa kona ambayo haikuwa kona. Mchezo mzima unaosimama juu ya kukiri mwenyewe, ambao mwongo mmoja akiingia unaharibika kwa wote na wenzake wanamfukuza, ni kitu ambacho burugumesta (mkuu wa kata), padri na mzazi wanaweza kukielewa bila jedwali. Kwa nini waliificha hoja hiyo? Nadhani ni kwa sababu haina fahari. Kijana anapenda kuonekana mkali kuliko kuonekana mwaminifu.

Kuna jambo la bei, nami nalipitia haraka kwa kuwa halina siri. Bunduki moja ya easofti ya umeme huko nje huanzia dola mia hivi na kupanda, na ukiongeza miwani, betri na punje, umekwisha mwacha nje kijana wa kata za Kenya na Kamalondo hapa mjini. Ikiwa vifaa vitakuwa mali ya klabu, vinavyoazimwa uwanjani na kurudishwa, tutakuwa tumetatua mambo mawili kwa mara moja: maskini atacheza, na hakuna kifaa kitakacholala nyumbani kwa mtu wala kutembea barabarani. Ikiwa kila mtu ataruhusiwa kumiliki chake, utakuwa mchezo wa watoto wa mtaa wa Golf, na siku ya kwanza kimoja kitakapoibwa ndiyo siku ya mwisho ya mchezo.

Kwa hiyo tulikaa, tukaandika upya. Barua sasa ina ukurasa mmoja. Haiombi easofti ihalalishwe. Inaomba Jumapili mbili tu, katika kiwanja kilichozungushiwa ukuta njia ya Kipushi, ambacho mjomba wa mmoja wao alikuwa akikifyatulia matofali na ambamo bado kuna vichuguu vitatu vikubwa vya kujificha nyuma yake. Inamwalika burugumesta na kamanda wa polisi waje waone, hata washike wenyewe. Inaahidi orodha ya majina ya wachezaji, wote wenye miaka 18 na zaidi, vifaa kuletwa kwa kibali cha siku hizo na kufungiwa katika sanduku moja lenye ufunguo ulio kwa polisi, nguo za michezo za kawaida badala ya zile za mabaka, na kila mtutu kupakwa rangi ya machungwa tangu ncha hadi kitako.

Hilo la mwisho ndilo lililotugawa. Wawili walikubali na kutia sahihi. Wengine wawili walisema kwamba rangi inaua ladha, kwamba wachezaji wa nchi nyingine wakiona picha zao watawacheka, na kwamba afadhali wasubiri miaka kumi kuliko kucheza na kitu kinachofanana na kichungio cha jikoni. Niliwaambia kwamba miaka kumi inawezekana kabisa. Barua iko mezani kwangu, chini ya kopo la chaki, ikiwa na sahihi mbili na nafasi mbili tupu. Wamesema watarudi Jumapili baada ya misa. Yule aliyekataa kwa sauti zaidi aliondoka na ile picha, akiwa ameikunja vizuri na kuitia mfukoni.